Barua ya Wazi: Kliniki ya Kifafa Si Chumba cha Akiba

Kigoma, Agosti 2025

Kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali ninayoitumikia,
Kwa wajumbe wa bodi ya hospitali,
Na kwa wote mnaopanga bajeti ya afya huku kwetu,

YAH: HUDUMA ZA KIFAFA, KIHARUSI NA MAGONJWA MENGINE YA MISHIPA YA FAHAMU WAKATI WA MLIPUKO, NA HALI YA WATUMISHI WANAOZITOA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi. Nina miaka kumi na tatu kwenye kliniki ya Alhamisi, ile ambayo wagonjwa wenyewe wanaiita "kwa wanaoanguka". Hospitali siitaji hapa, na jina langu nalihifadhi. Ninyi mnanijua, na mwandiko wangu mnaujua, maana nimewaandikia barua tatu: ya kwanza Juni 2021, ya pili Aprili 2023, ya tatu Machi mwaka huu. Nakala zangu zote zina muhuri wa "IMEPOKELEWA", na huo muhuri ndio jibu pekee nililowahi kulipata. Kwa hiyo leo naandika hadharani, kwa heshima ile ile, ila sasa na wengine wanasoma.

Tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Wiki chache baadaye chumba namba 9, ambacho ndiyo kliniki yetu, kikageuzwa stoo ya mavazi ya kinga. Benchi la wagonjwa likatolewa nje. Mimi nikapelekwa wodi ya kutenga, mwenzangu akawekwa getini kupima watu joto. Mlangoni ikabandikwa karatasi: "Kliniki imesitishwa hadi tangazo lingine." Tangazo lingine lilichukua miezi saba.

Kwa mwaka ule siwalaumu sana. Dunia nzima ilikuwa inapapasa, na ya hapa nchini kwetu yana wenyewe wa kuyasimulia. Lakini Machi 2023 ilipotangazwa Marburg, homa kali ya virusi jamii ya Ebola, kule Kagera, chumba namba 9 kikachukuliwa tena. Januari mwaka huu Marburg ikarudi, safari hii Biharamulo, mlangoni kabisa kwa wenzetu wa Kakonko. Machi ikatangazwa Mpox. Chumba kikachukuliwa mara ya tatu. Hospitalini kwetu hakulazwa hata mgonjwa mmoja wa Marburg, ila ufunguo wa namba 9 mpaka ninapoandika haya uko kwa mtu wa stoo, na kliniki tunaifanyia kwenye korido, mkabala na dirisha la malipo. Mtu anaulizwa ameanguka mara ngapi mwezi huu, na anayelipia kipimo cha malaria anasikia jibu.

Mkoa huu una Kongo ng'ambo ya ziwa na Burundi kwa upande wa juu. Kipindupindu cha mwaka 2015 cha Kagunga, kijiji cha mwambao walikofikia wakimbizi wa Burundi, tulikipokea sisi. Mpox ilipotangazwa dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024, Kongo na Burundi ndizo zilizokuwa zinaungua. Mlipuko kwetu ni kama masika: siku hatuijui, lakini kuja utakuja. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kila ukija tunaanza kwa kufunga mlango ule ule.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Watu waliachishwa dawa ambayo haiachwi ghafla.

Wengi wa wagonjwa wetu wanameza fenobabitoni, kile kidonge kidogo cha usiku. Ni dawa kongwe na ya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani linasema matibabu ya kifafa yanaweza kugharimu hata dola 5 tu za Marekani kwa mtu kwa mwaka. Ila ukiikata ghafla, mtu anaweza kuanguka, akaanguka tena kabla hajazinduka, na tena. Hiyo inaua. Tunayajua haya wote, ni mambo ya darasani. Sasa kliniki inafungwa, mgonjwa ana vidonge vya mwezi mmoja, na karatasi ya mlangoni haimwambii aende wapi.

Kuna mama mmoja wa mwambao wa kusini, huko upande wa Kalya. Alikuja kwa boti kumchukulia dawa mwanawe wa miaka kumi na tisa, akateremka mwaloni usiku, akalala juu ya mizigo ya dagaa mpaka kukakucha. Saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwetu. Kusoma hajui, kwa hiyo aliketi akasubiri. Saa sita mchana ndipo mlinzi akamwambia hakuna kliniki. Nilimkuta getini nikitoka zamu, na kwa nilikokuwa natoka sikuthubutu kumkaribia. Nikamwambia kwa mbali kwamba kijana asiachishwe dawa. Akafungua pindo la khanga akanionyesha kibahasha cha dawa, kitupu, amekikunja mara nne kama noti ya elfu kumi.

Sikumwona tena mpaka mwaka uliofuata. Alisubiri benchi likaisha watu, akasogea, akasema, "Nesi, nimekuja kurudisha kadi."

Kadi ile ninayo. Niliiambatisha kwenye barua ya kwanza, nikarudishiwa pamoja na muhuri.

2. Hakuna aliyewakumbuka wakati wa kutoa maelekezo kwa umma.

Mnakumbuka nyungu ilivyotamba. Sufuria la maji yanayochemka, mwarobaini, mchaichai, malimao, mtu anajifunika blanketi mpaka jasho linamtiririka. Sina ugomvi na nyungu, hata mimi nilijifukiza. Lakini mwenye kifafa akiwa peke yake chini ya blanketi, na sufuria katikati ya miguu, akianguka anaangukia wapi? Fundi seremala mmoja kijana wa Ujiji alituletea jibu. Kovu lake linaanzia nyuma ya sikio linashuka mpaka begani. Na huyu hakuwa ameruka dawa hata siku moja, alikuwa na akiba kwa sababu shangazi yake yuko Mwanza alimtumia. Alikuwa na homa, na homa yenyewe huamsha kifafa.

Sikusikia tangazo hata moja lililosema mwenye kifafa asijifukize peke yake. Dakika moja redioni ingetosha. Kwenye benchi letu tungelisema siku ya kwanza, maana ndiyo kazi yetu kila Alhamisi: usilale karibu na moto, usiende ziwani peke yako, usipande juu ya paa hata kama fundi ni wewe. Benchi lilikuwa nje linanyeshewa.

3. Simu ilikuwepo na haikutumika.

Daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu hatuna, na sitegemei mumtoe hewani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2017 iliweka mabingwa hao, kwa nchi za kipato cha chini, kwenye 0.03 kwa kila watu 100,000. Pigeni hesabu: mmoja kwa watu zaidi ya milioni tatu. Na kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200.

Lakini kifafa kina jambo lake. Mgonjwa anapofika mbele yetu mara nyingi ni mzima, amekaa, anatusalimia. Aliyeona ni ndugu. Huyo ndugu akiwa na simu ya kupangusa na akarekodi dakika mbili, mkono upi ulianza, macho yaligeukia wapi, ilichukua muda gani, amemsaidia daktari kuliko safari nzima ya boti. Wakati wa korona kliniki za namna yetu katika nchi nyingi zilihamia kwenye simu kwa sababu hiyo. Simu yetu ya kliniki iliishiwa salio Aprili 2020, nikaomba, nikaambiwa kifungu hicho kimehamishiwa kwenye korona. Nikatumia yangu. Nilikuwa napigiwa saa nane za usiku na watu nisiowajua sura. Video zao baadhi bado zimo humo, watu wakiwa katika hali ambayo hakuna anayependa kuonwa, kwenye simu ambayo jioni mwanangu anaichezea gemu. Hilo nalo si sawa, na kosa hilo ni langu pia.

4. Waliopooza kwa kiharusi.

Hapa nitasema kidogo tu. Korona haikuwa ugonjwa wa mapafu peke yake: Aprili 2020 madaktari wa Wuhan waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 214 waliowachunguza, asilimia 36.4 walikuwa na dalili za mishipa ya fahamu, wengine viharusi. Sisi tulifunga chumba cha mazoezi ya viungo, tukawarudisha watu nyumbani bila kuwafundisha ndugu kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, wala kumlisha akiwa ameketi. Vidonda vya mgongoni nilivyoviona mwaka uliofuata sihitaji kuwaelezea. Baadhi yenu mlivifunga bandeji.

5. Watumishi.

Nimeliweka mwisho, ingawa ndilo linalonikosesha usingizi.

Mtu anayetukutika humhudumii kwa mbali. Barakoa humvishi. Unapiga magoti, unamgeuza ubavu, unaulegeza ukosi, mate yake yanakumwagikia mkononi. Lakini kwenye mgawo wa vifaa kinga sisi tuliandikwa "wagonjwa wa nje", kundi la mwisho, barakoa moja ya karatasi kwa zamu nzima. Nilipohamishiwa wodi ya kutenga nilipewa mafunzo ya asubuhi moja, na muda mwingi uliishia kwenye kuvaa. Kuvua, ambako ndiko mtu anakojiambukiza akikosea, tulionyeshwa mara moja kwa sababu chai ilikuwa imefika.

Mwenzangu mmoja, mama wa watoto watatu, alilala chumba cha kubadilishia nguo siku kumi na moja asipeleke ugonjwa nyumbani. Mwanawe mkubwa alikuwa anamletea ugali na migebuka jioni. Bakuli linawekwa juu ya tofali nje ya ukuta, mtoto anarudi nyuma hadi kwenye mwembe, mama anatoka, anachukua, wanapungiana mikono. Siku ya saba mtoto alisahau kijiko. Mama akasimama pale na bakuli mkononi, akalia kama amefiwa. Tulidhani anacheka.

Hakuna kiongozi aliyewahi kumuuliza anaendeleaje. Alipougua kweli, alipigiwa simu mara moja, na swali lilikuwa lini anarudi kazini. Alirudi. Sasa akisikia neno "mlipuko" kwenye kikao anatoka nje, na kwenye tathmini yake ya mwaka jana mmeandika kwamba "hashiriki vikao kikamilifu".

Posho za zamu za kipindi kile baadhi yetu hatujalipwa hadi leo. Karatasi za madai zina mihuri. Mihuri tunayo mingi.

Najua mtakayojibu, kwa hiyo nijibu kabla.

Mtasema ilikuwa dharura na hakuna aliyejiandaa. Kwa 2020, sawa. Mwaka ule Shirika la Afya Duniani liliziuliza nchi 130, na asilimia 93 zilikiri kwamba huduma muhimu za afya ya akili na mishipa ya fahamu zimekatika au kuyumba, na zaidi ya theluthi moja zikataja hata msaada wa dharura kama ule wa mtu ambaye kifafa kimemshika bila kuachia. Hatukuwa peke yetu. Lakini waliokiri ndio waliokaa chini wakapanga: Mei 2022 mkutano mkuu wa afya duniani ulipitisha mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu wa 2022 hadi 2031. Sisi mwaka 2023 tulibandika karatasi ile ile. Naapa, ile ile, kona yake ilikuwa bado imechanika.

Mtasema fenobabitoni ni dawa inayodhibitiwa, haiwezi kutolewa ya miezi mitatu. Inadhibitiwa, ndiyo, na daftari lake nalijaza mimi. Kudhibiti ni kujua nani amepewa ngapi. Mgonjwa aliyetulia, asiyeanguka, mwenye ndugu anayejulikana, anaweza kuandikiwa na daktari na kuingizwa daftarini kwa miezi mitatu kama anavyoingizwa kwa mmoja. Hatua ishirini kutoka korido yetu wapo wenzetu wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, na wagonjwa wao waliotulia wanachukua dawa za miezi mitatu, wengine hadi sita. Siwaonei wivu. Nataka tu tuige.

Mtasema hakuna fedha. Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kupambana na UVIKO-19, yaani korona, na vitanda vya wagonjwa mahututi vilivyotokana nao tunavishukuru. Ninachoomba mimi hakifiki hata bei ya magurudumu ya gari moja. Vingine havina bei kabisa: karatasi mpya ya mlangoni yenye jina la zahanati ya kwenda, kwa mfano.

Mtasema watumishi ni wachache. Hapo nawaunga mkono kwa mikono miwili. Ndiyo maana wachache waliopo wasichakazwe.

Ninachoomba, basi.

Kwanza, chumba namba 9 kirudi. Na kwenye mpango wa hospitali wa kukabiliana na milipuko iandikwe kwamba kliniki hii haisitishwi: ikibidi kuhama, inahamia mahali palipotajwa tangu sasa, kituo cha afya au hata jengo la shule wakati wa likizo, na muuguzi wake mmoja haondolewi kwa hali yoyote.

Dawa: wagonjwa waliotulia wapewe za miezi mitatu mara tu mlipuko unapotangazwa jirani, msisubiri ufike. Bohari yetu ibaki na akiba ya miezi mitatu isiyoguswa. Wa mwambao dawa zao zifike zahanati iliyo karibu nao, na wahudumu wa afya wa jamii wawe na orodha ya nani anaishi wapi. Orodha hiyo ninayo tayari, nimeiandika kwa mkono, mnaweza kuipata kesho.

Simu moja ya kliniki yenye salio, inayofungwa kabatini jioni, na makubaliano na bingwa mmoja wa hospitali kubwa, Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam, atupe saa moja kwa wiki. Video zihifadhiwe humo, kwenye simu za watu zifutwe, nikianza na yangu.

Kwa watumishi: vifaa kinga vigawiwe kwa ukaribu wa mtumishi na mgonjwa, jina la idara lisiwe kigezo. Mafunzo ya kuvua yapewe muda sawa na ya kuvaa. Anayejitenga apate chumba na chakula. Madai ya posho yahakikiwe, na kila mdai ajibiwe kwa maandishi, analipwa lini au kwa nini halipwi. Awepo mtu wa kuzungumza naye asiye bosi wetu, wala wa hapa hapa asije akaenda kuyasema kantini. Na yule mwenzangu, ile sentensi kwenye tathmini yake ifutwe. Hilo mnaweza kulifanya leo kabla ya chakula cha mchana.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku thelathini. Yakiwa "hapana" nitayapokea, ila yawe na sababu, na yawe na sahihi ya mtu.

Alhamisi ijayo tupo koridoni kuanzia saa mbili asubuhi. Yeyote kati yenu akija, nitamwachia kiti changu.

Naomba kuwasilisha.

Muuguzi wa kliniki ya kifafa na mishipa ya fahamu,
Mkoani Kigoma